Kuhakiki Injini ya Datsun 240Z Kabla Hujatoa Hela: Mwongozo kwa Mnunuzi wa Dodoma

"Injini ni ile ile ya kiwandani, bosi, haijawahi kubadilishwa." Kila anayeuza gari la kizamani la spoti ana kauli hii mdomoni, na kwenye Datsun 240Z kauli hiyo inapandisha bei kwa mamilioni. Bahati nzuri, 240Z ni gari ambalo maneno hayo yanapimika hapo hapo chini ya boneti, bila kompyuta na bila kushusha injini. Nissan, wenye jina la Datsun, waligonga namba ya injini kwenye bloku (kile chuma kikuu cha injini chenye silinda), kisha namba hiyo hiyo wakaiandika kwenye kibati kilichofungwa ndani ya chumba cha injini. Si kila kiwanda cha miaka ile kilijisumbua hivyo.

Nimechagua 240Z kwa kuwa ndilo gari la spoti lenye historia huku kwetu. Lilitengenezwa kuanzia mwishoni mwa 1969 hadi 1973, na likashinda mbio za East African Safari mara mbili: 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann akiwa na Hans Schüller, na 1973 likiwa mikononi mwa Shekhar Mehta na Lofty Drews. Huo huo 1973 ndio mwaka TANU ilipoamua makao makuu ya nchi yahamie Dodoma. Gari lenye umri huo limepita kwa wenye mali wengi na mafundi wengi zaidi. Injini ikifa mwaka 1985 na spea hakuna, fundi alifunga iliyopatikana na maisha yakaendelea. Kwa hiyo ukikuta injini ngeni, usimwone muuzaji tapeli moja kwa moja. Utapeli unaanza pale inapouzwa kwa jina ambalo si lake.

Tuelewane kwanza kuhusu "orijino"

Kuna majibu matatu yanayowezekana, na kila moja lina bei yake.

La kwanza ni injini yake: bloku iliyotoka na gari hilo kiwandani, yenye namba iliyoandikwa kwenye kibati cha gari hilo. La pili ni injini ya aina yake: ni L24 kweli, ndilo jina la aina ya injini ya 240Z, lakini ilitoka kwenye gari jingine. La tatu ni injini ngeni, iwe ni L28, kubwa zaidi ya ukoo huo huo, au mashine ya Toyota iliyolazimishwa kuingia.

Ujanja mwingi unafanyika kati ya la kwanza na la pili. Muuzaji anafungua boneti, anakuonyesha herufi L24, anasema "unaona mwenyewe". Ulichoona ni aina tu. Hujaona bado kama ni yake.

Na kosa jingine ninalolisikia hata kwa watu wanaojua magari: wanataka namba ya injini ifanane na namba ya chasisi. Haifanani, wala haikupangwa ifanane. Zilikuwa hesabu mbili tofauti kiwandani. Kinachotakiwa ni namba ya bloku ilingane na namba ya injini iliyoandikwa kwenye kibati, na namba ya chasisi iliyogongwa kwenye bodi ilingane na ya kwenye kibati hicho hicho.

Hatua ya 1: Karatasi, ukiwa bado nyumbani

Mwombe muuzaji picha ya kadi ya gari, pande zote mbili. Kadi ina namba ya chasisi, namba ya injini, ujazo wa injini, mwaka wa kutengenezwa na rangi. Kabla hujapanda bodaboda kwenda kuliona gari, soma mambo matatu.

Namba ya chasisi ya 240Z yenye usukani wa kulia huanza na HS30. Ikianza na HLS30, gari lilizaliwa na usukani wa kushoto. Kama leo usukani uko kulia, kuna mtu aliuhamisha, na hiyo ni habari nyingine unayopaswa kuielewa kabla ya injini. Ikianza na RS30, hiyo ni 260Z, mdogo wake, ambayo injini yake halali ni L26.

Ujazo: L24 ina 2393 cc. Kadi ikisema 2400 kwa kukadiria, si neno. Ikisema 2753 au 2800, mtu aliwahi kusajili L28 na kazi yako imerahisishwa.

Namba ya injini kwenye kadi isomeke ikianza na L24. Hapa uwe mvumilivu kidogo na makarani. Gari la miaka hii limehamishwa kutoka kitabu hadi kitabu na kutoka mfumo hadi mfumo, na S hugeuka 5, sifuri hugeuka O. Ukiona "H530" usipige kelele. Lakini tarakimu zikiwa tofauti tatu nne kwa mfululizo, hilo si kosa la kalamu.

Hatua ya 2: Vitu vya kubeba

Tochi yenye mwanga mkali, kioo kidogo chenye mkono, mswaki wa zamani, chupa ndogo ya mafuta ya taa, matambara, chaki nyeupe, karatasi nyembamba, penseli laini, na simu yenye chaji. Usibebe msasa wala brashi ya waya. Fundi akikutolea grainda "aisafishe vizuri ionekane", mzuie kwa heshima lakini mzuie kweli. Chuma kikishasagwa pale kwenye namba, ushahidi umeondoka na hakuna wa kuurudisha.

Nenda asubuhi. Jua la saa saba la Dodoma likiwa juu ya kichwa linapiga ndani ya boneti moja kwa moja, kila kitu kinang'aa na namba hazina kivuli. Ukilazimika kwenda mchana, sogezeni gari chini ya mwembe. Na injini iwe ya baridi, maana utaingiza mkono nyuma kabisa.

Hatua ya 3: Chasisi

Namba ya chasisi imegongwa kwenye bati la ukuta unaotenganisha injini na dashibodi. Futa vumbi kwa tambara lenye mafuta ya taa, piga picha, linganisha na kadi. Pitisha kidole kuzunguka namba: unatafuta ukingo wa kuchomelea, uvimbe wa pati ya kujazia bati, au rangi iliyo nene kuliko sehemu nyingine. Kama namba hii ina mashaka, ishia hapo. Huna haja ya kuhakiki injini ya gari ambalo halijulikani ni gari gani.

Hatua ya 4: Kibati

Ndani ya chumba cha injini kuna kibati cha Nissan kinachotaja ujazo wa 2393 cc, nguvu za farasi 151 kwa mizunguko 5600, umbali kati ya ekseli wa mm 2305, kisha namba ya injini na namba ya gari, yaani ya chasisi. Hiki ndicho cheti cha kuzaliwa cha gari lako, na ndiyo maana kinachezewa.

Vibati vipya vya kuiga vinauzwa mtandaoni, vitupu, unagonga namba unayotaka. Kwa hiyo kabla ya kusoma kilichoandikwa, tazama chenyewe. Kibati cha miaka 50 kilichoishi Kanda ya Kati huwa kimefifia, kina mikwaruzo ya spana, na vumbi jekundu limekaa kwenye kingo na kwenye vifungio vyake. Kikiwa kinang'aa huku bati linalokibeba limechakaa, uliza. Tazama vifungio: vina rangi na umri sawa na kibati? Kuna matundu ya pembeni yaliyoachwa wazi, kana kwamba kibati cha zamani kilikuwa na kimo tofauti? Rangi iliyo chini ya kibati, inayochungulia pembeni, ni ile ya kwanza ya gari au ni ya juzi?

Jambo moja la kumtetea muuzaji: gari likipakwa rangi upya, fundi mwangalifu hutoa kibati na kukirudisha. Vifungio vipya peke yake havimtii mtu hatiani. Muulize nani alipaka rangi, kisha kamtafute huyo fundi. Mafundi rangi hawasahau gari la namna hii.

Hatua ya 5: Namba kwenye bloku

Hapa ndipo uchukue muda wako wote. Simama mbele ya gari ukiitazama injini: manifodi na kabureta ziko kulia kwako, yaani upande wa kushoto wa gari. Zunguka uende upande wa pili, wa plagi na distributa. Fuata mstari ambapo silinda hedi, kile kipande cha juu kinachofunika silinda, inakutana na bloku, urudi nao nyuma hadi silinda ya sita, karibu na ule ukuta. Chini kidogo ya hedi kuna sehemu bapa iliyochongwa laini. Namba imegongwa pale: L24 na tarakimu zake.

Utakachokuta mara ya kwanza ni tope jeusi. Gasketi ya kava ya tapeti huvuja kwa nyuma, mafuta hushuka, vumbi letu linajichanganya nayo, na baada ya miaka inakuwa ganda gumu. Ganda hili lifurahie. Limelinda namba dhidi ya kutu, na ni gumu kulighushi. Sehemu ile ikiwa safi inayong'aa huku injini nzima imejaa grisi, mtu alifika pale kabla yako.

Lowesha kwa mafuta ya taa, subiri, sugua kwa mswaki. Rudia. Ikishakauka, pakaza chaki halafu futa juu juu kwa kiganja. Unga unabaki ndani ya tarakimu tu na namba inajitokeza nyeupe. Piga picha ukiwa umeshika tochi kwa pembeni kabisa, karibu ilale juu ya chuma, ili kila mchoro upate kivuli. Halafu weka karatasi juu ya namba na usugue kwa ubavu wa penseli. Nakala hiyo ya penseli ina faida ambayo picha haina: inaonyesha umbo na nafasi za tarakimu kwa ukubwa wake halisi, na unaweza kuipeleka kwa mtu mwingine akailinganisha.

Sasa iangalie kama mtu asiyemwamini yeyote. Uso wa sehemu ile bapa unatakiwa uwe na alama za mashine ya kiwandani, zenye mwelekeo mmoja. Mistari ya grainda au tupa hukatiza ovyo, na mara nyingi huacha shimo dogo, uso ukawa chini kuliko chuma kinachouzunguka. Weka ukingo wa rula juu yake uone kama mwanga unapita chini. Tarakimu zikilinganishwa, 4 mbili ziwe za ndugu mmoja. Moja ikiwa na mguu mrefu na nyingine mfupi, zimegongwa na seti mbili tofauti. Kina kinaweza kutofautiana kidogo hata kiwandani, na mstari kwenda upogo kidogo si dhambi. Kinachotia shaka ni kivuli cha tarakimu ya zamani chini ya mpya, au chembe za kuchomelea pembeni.

Rangi nayo: bloku za L24 zilitoka kiwandani na rangi ya bluu. Mabaki ya bluu kwenye mifereji ya chuma ni dalili nzuri. Rangi mpya iliyomwagwa juu ya namba mpaka tarakimu zimejaa inaweza kuwa usafi tu wa fundi, lakini itoe kwa kiyeyusha rangi na mswaki kabla ya kuamua.

Kama namba imefutwa kabisa, usijaribu kuifufua kwa tindikali ulizosikia mtaani. Namba iliyofutwa si suala la thamani ya gari tena, ni suala la Polisi, na wewe hutaki kukutwa na chupa ya tindikali mkononi juu ya bloku ya gari la mtu.

Hatua ya 6: Alama zilizotoka na chuma

Namba inaweza kugongwa upya na yeyote mwenye nyundo. Herufi zilizomwagwa pamoja na chuma kiwandani, zile zilizovimba kwa nje, ni kazi ngumu kuzighushi. Hizi ndizo zinazowaumbua wengi.

Tafuta ubavuni mwa bloku kwa kioo na tochi. Ukiona N42 au F54 imevimba kwenye bloku, hiyo ni L28, hata kama sehemu ya namba imegongwa L24 kwa madaha. N42 ilianza 1975, F54 mwaka 1981; 240Z ilikuwa imeshaacha kutengenezwa. Mazungumzo ya "orijino" yamekwisha hapo.

Usichanganye bloku na hedi. Hedi ina alama yake, upande huo huo wa plagi, karibu na plagi za mbele. 240Z za mwanzo zilikuja na E31, za baadaye na E88. Na N42 lipo jina la hedi vilevile, si la bloku tu, kwa hiyo hakikisha unajua kidole chako kiko juu au chini ya gasketi. Hedi ya N42 juu ya bloku sahihi ya L24 haifuti uhalali wa injini, maana namba iko kwenye bloku. Inashusha bei kidogo na inakuambia kwamba injini iliwahi kupata joto kali au kubadilishwa vipande.

L28 hizi zinatoka wapi huku? Chanzo kimojawapo ni Nissan Patrol za petroli za miaka ya 1980, za muundo wa 160, zilizofungwa L28. Patrol ikikongoroka, injini inabaki na soko. L24, L26 na L28 ni ukoo mmoja, kwa nje karibu hazitofautiani, na fundi mzoefu wa Kizota anaifunga bila kuchomelea chochote. L28 ina silinda ya mm 86 na mwendo wa pistoni wa mm 79. L24 ina mm 83 na mm 73.7. Ukisimama nje huwezi kuona tofauti hiyo, ndiyo maana herufi ni muhimu.

L24 yenyewe nayo ilifungwa kwenye saluni kubwa za Datsun kama 240K na 240C. Kwa hiyo bloku halali kabisa ya L24, yenye namba safi isiyoguswa, bado inaweza kuwa ya saluni. Hili linakamatwa na kibati tu.

Kama uliwahi kutamani kuuliza: ndiyo, L28 inaendesha vizuri zaidi. Dodoma iko kama mita 1,100 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kidogo, na ule ujazo wa ziada unausikia ukipanda mlima kuelekea Kondoa. Mtu anayetaka gari la kutembelea asione aibu kuinunua. Alipe bei yake tu.

Hatua ya 7: Vinavyozunguka injini

Hapa pita haraka. Kabureta mbili za Hitachi zenye vichwa vya mviringo ndizo za kawaida. Zile zenye vichwa bapa zilikuwa za soko la Marekani miaka ya mwisho. Kabureta, distributa na alteneta hubadilishwa kama matairi na havithibitishi lolote kuhusu bloku. Vinasaidia bei, basi.

Maunti za injini, yaani vishikizio vyake, zitazame, kwa sababu zilizochomelewa au kuongezwa vyuma zinasema kuna injini isiyo ya ukoo wa L iliwahi kukaa pale.

Hatua ya 8: Maneno ya watu

Zungumza na mwenye gari peke yake, dalali akiwa mbali. Mwenye 240Z hapa mara nyingi ni mtu mzima, na mtu mzima hahojiwi kama mtuhumiwa.

"Shikamoo mzee. Gari zuri. Injini hii imewahi kushushwa?"

"Marahaba. Ilishushwa, mwanangu, tukachonga silinda, tukaweka pistoni kubwa."

"Na iliyorudi ni hiyo hiyo iliyoshuka?"

Swali la pili ndilo lenye kazi. Wengi hujibu la kwanza kwa ukweli kwa sababu hawaoni madhara yake, na la pili huwafanya wafikiri. Uliza pia ilichongwa wapi. Kuchonga silinda hakuharibu uhalali. Kunaipa injini historia, na kama stakabadhi ya karakana ipo na ina namba ya injini, hiyo ni karatasi ya thamani. Iombe iambatane na gari.

Akikuambia gari liliwahi kushiriki Safari, mwombe picha, karatasi za usajili wa mashindano, chochote. Gari lililoshinda 1971 liko Zama, Japani, kwenye hazina ya magari ya Nissan. Halipo uani kwa mtu Chang'ombe.

Hatua ya 9: Kuamua na kuandika

Panga ulichopata mstari kwa mstari: kadi, chasisi kwenye bodi, namba mbili za kibati, namba ya bloku, herufi za bloku, herufi za hedi. Bloku ikilingana na kibati, kibati kikiwa cha kweli, na herufi hazipingi, una injini yake. Kadi ikiwa tofauti wakati namba zote za kwenye chuma zinakubaliana, amini chuma, lakini mwambie muuzaji arekebishe kadi kwanza.

Bloku ikilingana na kadi lakini ikapingana na kibati, injini ilibadilishwa na mabadiliko yakasajiliwa. Huyo ni mwenye gari mwaminifu, na unaweza kuzungumza naye bei ya injini ya aina yake bila ugomvi. Bloku ikipingana na vyote viwili, injini haipo kwenye kumbukumbu. Usikubali kauli ya "utabadilisha mwenyewe ukishanunua". Nendeni wote TRA, taarifa za injini zirekebishwe kwa jina lake, ndipo umiliki uhamishwe. Mkaguzi wa magari akitaka kuona injini ilipotoka, karatasi za kuinunua zitatakiwa, na mwenye kuzijua ni yeye.

Ukihitaji maoni ya nje, kuna orodha za wamiliki wa Z duniani wanaokusanya jozi za namba za chasisi na injini. Magari yenye chasisi zinazokaribiana huwa na namba za injini za eneo moja. Yako ikiwa mbali sana na majirani zake, rudi kwenye kibati ukakitazame tena.

Mkataba wa mauziano uandikwe na wakili, na usitaje "Datsun 240Z yenye injini yake" kwa ujumla. Utaje namba ya chasisi na namba ya bloku tarakimu kwa tarakimu, ubandikwe nakala ya penseli yenye sahihi za wote wawili pembeni, na uwe na kifungu hiki: muuzaji anathibitisha kwamba namba ya injini iliyotajwa haijagongwa upya, na ikithibitika vinginevyo ndani ya muda mliokubaliana, atarudisha tofauti ya bei kati ya injini yake na injini ya aina yake, kiasi ambacho kimeandikwa hapa hapa kwa tarakimu na kwa maneno. Muuzaji akikataa kifungu hicho, mlipe bei ya injini ngeni au mwache na gari lake.